Umerefusha waya tu: jibu kwa mwanafunzi anayebuni mtandao wa Mirihi

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa mawasiliano. Mradi wangu ni kubuni mtandao wa kuunganisha Dunia na kituo kitakachokuwa Mirihi. Nilipendekeza tutumie itifaki hizihizi za intaneti, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapozungumza, isipokuwa madishi yawe makubwa zaidi na transmita, vile vifaa vya kurusha mawimbi, ziwe na nguvu zaidi. Msimamizi wangu aliandika pembeni mwa ukurasa maneno matatu: "Umerefusha waya tu." Hakufafanua. Nimekosea wapi, na mtu anayebuni mtandao wa namna hii anaanzia wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekusaidia sana, ingawa hakufafanua. Pendekezo lako limeona kwamba umbali unakula nguvu, na hilo ni kweli. Halikuona kwamba umbali unakula na muda pia. Nguvu unaweza kuitafuta upya kwa njia nyingi: dishi kubwa, kipokezi kilichopozwa, hesabu nzuri ya kusahihisha makosa. Muda ukishaliwa haurudi. Mawimbi ya redio, pamoja na kwamba yanakwenda kwa kasi ya mwanga, hutumia kama dakika 3 kufika Mirihi sayari hizi mbili zinapokaribiana sana, na zaidi ya dakika 20 zinapokuwa pande mbili za Jua. Hakuna transmita itakayopunguza hata sekunde moja hapo.

Tuanze na nguvu, maana hesabu yake unaijua, kisha twende kwenye muda, ambako ndiko mtandao wenyewe unakobuniwa.

Chukua karatasi na kalamu. Tutumie Voyager 1, chombo kilichoondoka Duniani tarehe 5 Septemba 1977 na ambacho sasa kimevuka kilomita bilioni 25. Transmita yake inatoa wati 20 hivi, nguvu ya balbu ndogo. Kwa desibeli, kipimo kinachotuwezesha kujumlisha na kutoa badala ya kuzidisha na kugawa, hizo ni 13. Dishi lake la mita 3.7 linazikusanya wati hizo kwenye mwali mwembamba na kukuongezea desibeli 48. Hadi hapo una mapato ya 61. Sasa lipa nauli ya njia: kwa masafa ya gigahezi 8.4 na umbali huo, unapoteza desibeli 319. Huku Duniani unapokea kwa dishi la mita 70, linalokurudishia 74. Jumlisha na kutoa, utapata hasi 184. Kinachoingia kwenye dishi lile kubwa kuliko uwanja wa mpira wa kikapu hakifiki hata sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya wati.

Wanafunzi wengi wakifika hapo hukata tamaa, kwa sababu wanaangalia ukubwa wa ishara peke yake. Swali la kweli ni ishara ni kubwa mara ngapi kuliko kelele. Kila chenye joto kinapiga kelele ya redio: hewa, ardhi, waya, hata kikuza-ishara chenyewe. Ndiyo maana vikuza-ishara vya madishi haya hupozwa kwa heliamu hadi karibu na sifuri kabisa ya joto, na mfumo mzima ukielekea juu angani unakuwa na kelele ya kelvini 20 na kitu. Hiyo kwa desibeli ni hasi 215 kwa kila hezi moja. Toa: ishara hasi 184, kelele hasi 215, tofauti ni 31. Voyager 1 hutuma biti 160 kwa sekunde, ambazo ni desibeli 22. Zinabaki 9. Ndani ya hizo 9 ndimo unamokata kila kitu kingine: sehemu ya nguvu inayotumiwa na wimbi lenyewe linalobeba ujumbe, dishi kuyumba kidogo, unyevu wa hewa. Rudia hesabu hii kwa mkono wako mpaka uizoee. Binafsi sijawahi kuona njia nyingine ya kumfanya mtu auhisi umbali huu mwilini.

Jambo moja linatokea kwenye hesabu hiyo bila kelele nyingi, nalo linatufungulia mlango wa muda. Ukipokea biti yenye kosa kutoka kwa Voyager 1, huwezi kusema "rudia." Ombi lako litachukua zaidi ya saa 23 kufika, na jibu saa 23 nyingine. Kwa hiyo dawa ya kosa lazima isafiri pamoja na ujumbe wenyewe. Chombo huongeza biti za ziada zilizopangwa kihesabu ili mpokeaji aweze kugundua kilichoharibika na kukirekebisha peke yake. Chombo cha Galileo kiliokolewa kwa maarifa ya namna hiyo. Dishi lake kuu, lililobuniwa kukunjuka kama mwavuli, liligoma kufunguka Aprili 1991 kikiwa njiani kwenda Mshtarii. Badala ya kasi iliyopangwa ya biti 134,000 kwa sekunde, wahandisi walibaki na antena ndogo. Wakakipelekea programu mpya za kubana picha na kusimba data, wakaunganisha madishi kadhaa huku Duniani yasikilize kwa pamoja, na hata hivyo kasi ya juu kabisa waliyoipata ilikuwa biti 160 hivi. Kwa njia hiyo nyembamba tuliziona zile picha za barafu iliyopasukapasuka ya Europa, mmoja wa miezi ya Mshtarii.

Madishi yenyewe yako wapi? NASA, shirika la anga la Marekani, ina vituo vitatu: Goldstone kwenye jangwa la California, Robledo de Chavela karibu na Madrid, na Tidbinbilla karibu na Canberra. Vimeachana takriban digrii 120 za longitudo, ili Dunia inapozunguka chombo kisipotee machoni: kimoja kikizama, kingine kinachomoza. Shirika la anga la Ulaya nalo lina madishi ya mita 35 huko Hispania, Argentina na Australia. Afrika ilikuwemo mapema. Mwaka 1961 NASA ilijenga kituo Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, na mwaka 1965 dishi lake la mita 26 lilipokea data za Mariner 4, chombo cha kwanza kupiga picha za Mirihi kwa karibu. Kituo kilifungwa kwa kazi hiyo mwaka 1974, kikabaki kuwa cha kuchunguza nyota kwa mawimbi ya redio. Na huku kwetu Pwani, kituo cha Waitalia karibu na Malindi kimekuwa kikisaidia kufuatilia roketi na satelaiti zinaporushwa.

Nitakwambia ninachokiamini kuhusu hili. Mtu aliye karibu na ikweta anaziona sayari zote zikipita juu sana angani, mwaka mzima, za kusini na za kaskazini. Hiyo ni mali. Lakini mvua na unyevu wa pwani unaharibu masafa ya juu, kwa hiyo kama ningeulizwa pa kujenga dishi la anga za mbali Afrika Mashariki, ningetafuta bonde kavu la bara, lililozungukwa na vilima vya kuzuia kelele za minara ya simu, kuliko ufukweni.

Umuhimu wa mahali ulionekana wazi mwaka 2023. Voyager 2 ilipopita Neptuni mwaka 1989 njia yake ilipinda kuelekea kusini, na sasa dishi moja tu duniani lina nafasi na nguvu ya kuipelekea amri: lile la mita 70 la Canberra. Tarehe 21 Julai 2023 chombo kilipelekewa mfululizo wa amri uliokuwa na kosa, antena yake ikageuka digrii 2 pembeni ya Dunia. Digrii 2 ni kidogo ukiwa uwanjani. Kwa umbali wa karibu kilomita bilioni 20, ni sawa na kulenga kilomita milioni 700 pembeni. Mawasiliano yakakatika. Canberra wakaamua kukipigia chombo ukelele: amri ya kugeuza antena, kwa nguvu ya juu kabisa ya transmita yao, wakitumaini kwamba hata sikio lililogeuzwa litasikia. Amri ikasafiri saa 18 na nusu. Jibu likasafiri saa 18 na nusu nyingine. Tarehe 4 Agosti data zikaanza kuingia tena.

Wengi huusifu ukelele ule, na unastahili. Mimi hunivutia zaidi kitu kingine. Kama ukelele usingefika, Voyager 2 ilikuwa tayari na programu ya kujipanga upya kuelekea Dunia mara kadhaa kwa mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Miaka ya 1970 mtu alikaa mezani akajiuliza: "Siku nikikipoteza, chenyewe kitafanya nini?" Akakiandikia jibu, kikaondoka nalo.

Sasa turudi kwenye itifaki zako. Ukifungua ukurasa wowote kwenye simu yako, kabla ya data kupita simu na seva husalimiana: hodi, karibu, nimeingia. Kati yako na seva iliyoko Ulaya, salamu hizo huisha kabla hujapepesa jicho. Kati ya Dunia na Mirihi iliyo umbali wa dakika 20, ukibisha hodi utasubiri dakika 40 kusikia karibu. Tatizo la pili ni baya zaidi: itifaki ile ikichelewa kupata jibu hudhani barabara ina msongamano, hivyo inapunguza kasi, inarudia kutuma, mwishowe inakata. Inatafsiri umbali kuwa ugonjwa. Tatizo la tatu ndilo lililomfanya msimamizi wako aandike alichoandika: itifaki hizo zinadhani njia nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, iko wazi kwa wakati mmoja. Kwenye anga za mbali njia nzima huenda isiwe wazi hata siku moja.

Angalia Mirihi yenyewe. Kigari cha Curiosity kinaweza kuzungumza na Dunia moja kwa moja, lakini kwa kasi ya kati ya biti 500 na 32,000 kwa sekunde. Kikipitisha data kwa satelaiti inayozunguka Mirihi, kama Mars Reconnaissance Orbiter iliyofika huko mwaka 2006, kasi inapanda hadi biti milioni 2 kwa sekunde. Ila satelaiti hiyo hupita juu ya kigari kwa dakika 8 hivi, kisha inazama. Baadaye, labda baada ya saa kadhaa, satelaiti itakuwa upande unaoiona Dunia na itapewa zamu kwenye dishi. Kwa hiyo kigari, satelaiti na Dunia mara nyingi hawakutani watatu kwa pamoja. Data lazima ipokewe, ihifadhiwe, isubiri, kisha isogezwe.

Umeshawahi kutuma mzigo kwa basi? Mama yuko Tabora, mwanawe yuko Mtwara. Anafunga karanga, anaandika jina la mpokeaji na namba ya simu juu ya boksi, anampa konda wa basi la Dar es Salaam. Dar mzigo unashushwa, unalala stoo, kesho yake unapandishwa basi la kusini. Tuseme hakuna basi linalotoka Tabora hadi Mtwara moja kwa moja, wala hakuna dakika ambayo barabara yote hiyo ina gari la mama yule. Lakini mzigo unafika, kwa sababu una maelezo yote juu yake, na kila anayeupokea anaushika mpaka ampate wa kumkabidhi. Simu inataka njia nzima. Mzigo unataka hatua inayofuata tu.

Hivyo ndivyo mtandao unaovumilia ucheleweshaji unavyofanya kazi. Wazo lake lilianza mwaka 1998, Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, alipokaa na wahandisi wa JPL, maabara ya NASA huko California, akiwemo Adrian Hooke. Itifaki iliyozaliwa inafunga data kwenye kifurushi kimoja kinachojitosheleza. Jina lake la asili ni lilelile la bando unalonunua kwenye simu, ila hapa bando ni mzigo, si kipimo cha matumizi. Kila kifurushi kina anwani ya kiendako, kina umri wa kuishi, na kila kituo kinachokipokea kinakiweka kwenye kumbukumbu hadi njia ifunguke. Mwaka 2008 kilijaribiwa kwa chombo cha Deep Impact kilichokuwa takriban kilomita milioni 32 kutoka hapa, na picha zikapita. Mwaka 2016 kikaanza kutumika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Satelaiti ya PACE, iliyorushwa Februari 2024 kuchunguza bahari na hewa, hukitumia katika kazi zake za kila siku.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye kuchagua njia. Ruta ya kawaida, kile kifaa kinachoichagulia data njia, huuliza: nani yuko hewani sasa hivi? Ruta ya anga huuliza: nani atakuwepo, kuanzia saa ngapi, kwa dakika ngapi, kwa kasi gani? Na majibu yapo, kwa sababu mizunguko ya sayari na satelaiti hujulikana kabla. Basi laweza kuharibikia Morogoro, Mirihi haichelewi. Mtandao unapewa ratiba ya makutano yote, na kila kituo kinapiga hesabu ya njia itakayofikisha mzigo mapema zaidi, hata kama njia hiyo bado haipo.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba ghala ni muhimu sawa na dishi. Kila miezi 26 hivi Jua huingia katikati ya Dunia na Mirihi, na kwa takriban wiki mbili amri hazipelekwi huko, kwa kuhofia gesi yenye chaji ya Jua itaziharibu zifike zikiwa na maana nyingine. Tuseme kituo chako kinazalisha megabiti 500 kwa siku. Siku 14 ni gigabiti 7 zinazohitaji pa kulala. Na zikianza kutoka, ipi itangulie? Joto la betri au picha ya mwamba? Hilo liamuliwe na mbunifu mapema, liandikwe ndani ya chombo.

Kuna kosa moja ambalo sitaki ulifanye. Chombo cha Cassini kiliondoka mwaka 1997 kwenda Zohali kikiwa kimembeba Huygens, kichunguzi kidogo cha Ulaya kilichokusudiwa kutua kwenye mwezi uitwao Titan. Huygens angezungumza na Cassini, na Cassini angezungumza na Dunia. Mwaka 2000, vyombo vikiwa tayari njiani, mhandisi Boris Smeds alisisitiza kiungo hicho kijaribiwe kwa kuiga mwendo halisi. Unajua honi ya basi inavyobadilika sauti basi linapokupita. Mwendo kati ya Huygens na Cassini ungekuwa takriban kilomita 5.5 kwa sekunde, na mawimbi yangebadilika vivyo hivyo. Ishara ya majaribio ikatumwa kutoka Goldstone. Kipokezi cha Cassini kililinasa wimbi vizuri, lakini data zikatoka zimevurugika. Wabunifu walikuwa wameyahesabu mabadiliko ya masafa, wakasahau kwamba mwendo unabadilisha na mpigo wa biti zenyewe, na programu ya kipokezi haikuweza kubadilishwa tena baada ya kuruka.

Hawakuweza kurekebisha redio, wakarekebisha njia. Cassini akapangiwa kupita umbali wa kilomita 60,000 hivi kutoka Titan badala ya 1,200, ili Huygens anaposhuka mwendo kati yao usielekee mmoja kwa mwenzake moja kwa moja. Tarehe 14 Januari 2005 Huygens akatua na kuzungumza. Hata hivyo, kati ya njia zake mbili za redio, moja Cassini hakuisikia kabisa, kwa sababu amri ya kuwasha kipokezi chake ilisahaulika kwenye orodha. Nusu ya picha zikapotea. Mtandao wako ukiwa mezani utafanya kazi daima. Ujaribu ukiwa unatembea.

Kuhusu leza, yaani kutuma data kwa mwali wa mwanga badala ya redio, nitasema kidogo, maana najua utauliza. Chombo cha Psyche kilirushwa tarehe 13 Oktoba 2023, na tarehe 11 Desemba mwaka huohuo kilileta video ya paka ya sekunde 15 kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde, kutoka kilomita milioni 31, ikapokewa na darubini ya Palomar huko California. Aprili 2024, kutoka kilomita milioni 226, kasi ilikuwa megabiti 25. Ni hatua kubwa mno. Lakini wingu likitanda juu ya darubini, leza inakatika. Kwa hiyo utahitaji vituo vingi vyenye hali ya hewa tofauti, na kifurushi kitakachojua kusubiri mbingu ifunguke.

Sasa mradi wako. Usianze na antena. Anza na jedwali: nani anaonana na nani, kuanzia lini, hadi lini, kwa kasi gani, na mwanga unachukua muda gani kati yao. Kwa kila kituo andika ukubwa wa ghala lake, kinachotangulia kutoka, na kitakachofanya kisiposikia chochote kwa siku 20. Itifaki na madishi vitajichagua vyenyewe kutokana na jedwali hilo. Ukimaliza, rudi kwenye ile hesabu ya Voyager 1, ondoa dishi la mita 70 uweke la mita 34. Utapoteza desibeli 6 na kitu kati ya zile 9. Niandikie ni biti ngapi kwa sekunde utapokea ukitaka kubaki na akiba ileile.